Kanisa ni Moja, Mbona Makanisa ni Mengi?

(Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya watu wazima. Mwalimu wa darasa awasomee wanafunzi polepole, kisha kila mmoja asome sehemu yake kwa sauti.)

  

Neno letu la leo ni fupi. Lina silabi tatu tu: ka-ni-sa. Mwalimu, tafadhali liandike ubaoni. Wanafunzi, liandikeni katika madaftari yenu. Kuliandika ni rahisi. Kulieleza si rahisi, na watu wenye elimu kubwa wamegombana sana kwa sababu yake.

Huenda katika darasa lako wamo Waislamu, au watu wanaofuata mila za wazee. Kama wewe ni mmoja wao, usifunge masikio. Jirani yako ni Mkristo, na huenda mwanao ameoa kwa Wakristo. Ni vema kujua kinachomfurahisha jirani na kinachomtia huzuni.

Sisi hulitumia neno "kanisa" kwa maana tatu. Ya kwanza ni jengo: twasema, "Kanisa letu limeezuliwa paa na upepo." Ya pili ni dhehebu: twasema, "Yeye ni wa Kanisa la Kilutheri." Ya tatu ni watu wote wanaomwamini Kristo, wa mahali pote na wa nyakati zote. Neno lenyewe tumelipokea kutoka Kiarabu. Lakini Agano Jipya liliandikwa kwa Kigiriki, na humo neno linalotumika ni "eklesia", maana yake mkutano wa watu walioitwa. Basi tangu mwanzo Kanisa lilikuwa watu kwanza. Paulo alipowaandikia watu wa Korintho, hawakuwa na jengo la mawe wala kengele. Walikutana katika nyumba za watu, naye akawaita kanisa.

Wakristo wengi wana ungamo la imani ambalo huitwa la Nikea. Asili yake ni mkutano wa maaskofu uliofanyika Nikea, katika nchi iitwayo sasa Uturuki, mwaka 325. Liliongezwa maneno katika mkutano wa Konstantinopoli mwaka 381. Katika ungamo hilo Kanisa limepewa sifa nne: ni moja, ni takatifu, ni katoliki yaani la watu wote, na ni la mitume. Waanglikana hulisema, Wakatoliki hulisema, na Walutheri hulisema. Jumapili moja, katika mji mmoja, watu wanakiri katika majengo tofauti kwamba Kanisa ni moja. Wakimaliza, kila mtu hurudi kwake, na hakuna aliyekwenda kwa mwenzake.

Hapo ndipo penye swali la somo letu. Kama Kanisa ni moja, mbona makanisa ni mengi?

Tuanze na habari za kwetu. Hapa Ugogo, wamisionari wa CMS wa Uingereza walifika Mpwapwa katika miaka ya 1870. Baadaye kazi yao ilisaidiwa sana na watu wa Australia, na mwaka 1927 ikaanzishwa Dayosisi ya Tanganyika ya Kati, askofu wake wa kwanza akiwa George Chambers. Wakatoliki nao walifanya kazi yao, na katika miaka ya 1930 mapadre Wapasionisti kutoka Italia walipewa kazi katika nchi hii. Jimbo Katoliki la Dodoma liliundwa mwaka 1953, na tangu mwaka 2014 ni jimbo kuu. Kaskazini, upande wa Singida, walikuwako Walutheri. Magharibi, upande wa Tabora, Wamoravia. Mara nyingi misioni za Kiprotestanti zilipatana kugawana nchi, ili mmoja asiingie katika shamba la mwenzake.

Fikiri jambo hili. Babu yako huenda hakuchagua dhehebu kwa kupima mafundisho yote na kuona kwamba haya ni bora kuliko yale. Alisikia Habari Njema kwa yule aliyepita njia ya kwake. Kama mgeni mwingine angalipita, leo ungalikuwa wa dhehebu jingine. Ugomvi uliotugawa haukuanzia Ugogo. Ulianza Ulaya, katika miaka ya 1500 na baada yake, ukaja kwetu ndani ya masanduku ya wageni pamoja na vitabu na dawa. Sisemi haya ili kudharau dhehebu la mtu. Nasema ili asijivune mtu kwa jambo ambalo alilipokea tu.

Sasa sikilizeni kisa kimoja cha kweli, kilichotokea Kikuyu. Naomba watu wa Dodoma msichanganyikiwe. Si Kikuyu ya mjini kwenu. Ni Kikuyu ya Kenya, karibu na Nairobi.

Mwezi wa Juni mwaka 1913, wamisionari wa misioni mbalimbali walikutana huko kwa mazungumzo. Walikuwako Waanglikana wa CMS, Waskoti ambao ni Wapresbiteri, watu wa Africa Inland Mission, na Wamethodisti. Walitaka kuunda shirikisho. Walikubaliana kuwa Maandiko ndiyo msingi, na kwamba wataheshimu ubatizo wa kila upande. Mkristo akisafiri katika nchi ya misioni nyingine, akaribishwe huko kama ndugu. Katika mwisho wa mkutano, Askofu Peel wa Mombasa aliongoza Ushirika Mtakatifu ndani ya kanisa la Waskoti, na wengi wa madhehebu yale wakala na kunywa pamoja.

Habari zikamfikia Frank Weston, Askofu wa Zanzibar. Naye alikuwa Mwanglikana, lakini wa misioni ya UMCA iliyoshika sana desturi za kale za Kanisa. Alikasirika mno. Aliwashitaki Askofu wa Mombasa na Askofu wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akisema wameingia katika uzushi. Magazeti ya Uingereza yakajaa habari za Kikuyu. Mwaka 1915 Askofu Mkuu, jina lake Randall Davidson, alitoa jibu. Hakuwahukumu maaskofu wale kuwa wazushi, lakini alishauri kwamba ibada ya namna ile isirudiwe. Watu wenye utani walilifupisha jibu hilo hivi: jambo la Kikuyu lilimpendeza Mungu sana, ila lisifanyike tena kamwe.

Mtacheka, na ni haki kucheka. Lakini tusimcheke Weston upesi, maana alikuwa ameuliza swali la kweli. Aliuliza, Kanisa ni nini? Kwake yeye, Kanisa si kundi la watu wanaopendana na kukubaliana tu. Lina mwili unaoonekana. Maaskofu waliwekewa mikono na maaskofu waliowatangulia, na hao na waliowatangulia wao, mpaka kwa mitume. Ukiuondoa mlolongo huo, alifikiri, umekata mzizi. Waskoti walijibu kwamba Kanisa lipo mahali Neno la Mungu linapohubiriwa kwa haki na sakramenti zinapotolewa kama Kristo alivyoagiza. Askofu ni kazi nzuri, walisema, lakini Kanisa laweza kuishi bila yeye.

Mnaona, basi? Watu hawa hawakugombania shamba wala fedha. Kila upande ulilipenda Kanisa, na kila upande uliogopa kulipoteza. Na neno moja zaidi: waliokutana Kikuyu walikuwa wamisionari. Wakristo wa Kiafrika, ambao mkutano ulihusu maisha yao, hawakuwa na kauli. Wahenga walisema, wapiganapo fahali wawili, ziumiazo ni nyasi.

Tuendelee. Vita Kuu ikaja. Mwaka 1918 ulifanyika mkutano wa pili Kikuyu, na Askofu Weston mwenyewe alihudhuria akatoa mapendekezo yake. Mwaka 1920 alikuwa miongoni mwa maaskofu wa Kianglikana waliokutana London na kutoa wito kwa Wakristo wote watafute umoja. Mtu aliyeshitaki alikaa mezani na wenzake kutafuta njia. Hakuacha imani yake hata kidogo, lakini alikuja.

Na mbegu ya Kikuyu haikufa. Misioni za Kiprotestanti za Kenya ziliendelea kushirikiana, na mwaka 1926 zikafungua shule iitwayo Alliance High School, hapo hapo Kikuyu. "Alliance" maana yake ni mapatano ya kusaidiana. Mjini Dodoma nako ilikuwako shule ya sekondari iliyoitwa Alliance. Festo Kivengere wa Uganda, aliyekuja kuwa askofu na mhubiri mashuhuri, alikuwa mwalimu hapo. Shule hiyo baadaye iliitwa Mazengo, kwa jina la mtemi wa Mvumi, na tangu mwaka 2007 mahali pale pana Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana.

Tazama mambo mengine yaliyofuata. Biblia ya Kiswahili ilikuwa na tafsiri ya Kiunguja na tafsiri ya Kimvita, kila moja na watu wake. Mwaka 1952 likatoka Toleo la Muungano, ambalo wengi wenu mnajifunza kusoma kwalo. Waanglikana wa CMS na wale wa UMCA, waliotupiana maneno wakati wa Weston, waliwekwa katika jimbo moja la Afrika ya Mashariki mwaka 1960. Mwaka 1970 Tanzania ikawa jimbo lenyewe, chini ya Askofu Mkuu John Sepeku. Mmoja hufukiza ubani na mwingine hafukizi, nao ni kanisa moja. Mwaka 1963 makanisa saba ya Kilutheri yaliungana yakawa Kanisa moja la Kiinjili la Kilutheri. Mwaka 1964 Mtaguso wa Vatikani wa Kanisa Katoliki ulitangaza kwamba Wakristo wengine waliobatizwa ni ndugu katika Bwana. Na mwaka 1992 Baraza la Maaskofu Katoliki na Jumuiya ya Kikristo Tanzania waliunda tume moja ya kusimamia mambo ya shule na hospitali za makanisa.

Lakini si kila jaribio lilifaulu. Katika miaka ya 1960 Waanglikana, Walutheri, Wamoravia, Wamethodisti na Wapresbiteri wa Afrika ya Mashariki walizungumza juu ya kuwa kanisa moja. Kule India ya Kusini jambo la namna hiyo lilikuwa limefanyika mwaka 1947. Kwetu mazungumzo yalikwisha bila muungano. Swali la maaskofu, lile lile la mwaka 1913, lilikuwa moja ya vikwazo.

Sasa tutofautishe maneno mawili. Mwalimu, andika ubaoni: umoja, kufanana. Maneno haya hayana maana moja. Mnaijua tembe ya Kigogo. Imejengwa kulizunguka zizi. Ina vyumba vingi: huyu ana mlango wake, na yule ana mafiga yake. Kijana akioa, tembe huongezwa upande mmoja. Vyumba havifanani, wala hakuna aulizaye kwa nini. Lakini zizi ni moja na baba ni mmoja. Vivyo hivyo, kuimba kwa ngoma au kwa kinanda, kuvaa kanzu au kutovaa, kusali kwa kitabu au bila kitabu, hayo ni mambo ya vyumba. Hayavunji nyumba.

Ila mfano wa tembe hauelezi yote. Katika tembe wote hula chakula cha baba mmoja. Wakristo hawali pamoja chakula kile kilicho kikubwa kuliko vyote. Hilo ndilo jeraha lenyewe.

Tuchukue mfano. Kijana Mwanglikana amemposa binti Mkatoliki. Mahari imezungumzwa, ng'ombe na mbuzi wamehesabiwa, wazee wameridhiana. Wameoana, wanapendana, wanalima shamba moja la uwele. Jumapili ikifika wanatoka mlango mmoja, na njiani wanaagana. Mmoja huenda kwa padre, mwingine kwa mchungaji. Wamebatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu, na kila kanisa hukubali ubatizo wa mwenzake. Wanaishi katika nyumba moja wakila sahani moja, lakini hawana Meza moja ya Bwana.

Kwa nini? Kanisa Katoliki lafundisha kwamba Ekaristi ni alama ya umoja uliokamilika, kwa hiyo kwanza tuwe kitu kimoja katika imani na uongozi, kisha tule pamoja. Makanisa mengine mengi yasema Meza ni ya Bwana mwenyewe, naye hualika, na kula pamoja kutatusaidia kuwa kitu kimoja. Na makanisa ya Kibaptisti na ya Kipentekoste yana swali jingine. Wao hubatiza mtu aliyekwisha kuamini mwenyewe, wala kwa kawaida hawahesabu ubatizo wa mtoto mchanga. Kila moja ya hoja hizi ina uzito. Atakayekuambia kwamba mambo haya ni upuuzi wa viongozi tu, hajayafikiri vya kutosha. Naye atakayekuambia kwamba kwa sababu ya mambo haya mwenzako si Mkristo, huyo naye amepita mpaka.

Neno ambalo nataka mlishike leo ni hili. Umoja wa Kanisa si kitu ambacho sisi tutakitengeneza. Katika Injili ya Yohana, sura ya 17, Yesu aliwaombea wafuasi wake wawe na umoja, ili ulimwengu upate kuamini. Na Paulo aliwauliza Wakorintho kama Kristo amegawanyika. Jibu wanalijua Wakristo wote: hakugawanyika. Basi umoja upo tayari, maana Kristo ni mmoja. Tulilogawana ni lile linaloonekana kwa macho. Kwa hiyo kazi yetu ina sehemu mbili: kutumia umoja ule tulio nao, na kungoja kwa uaminifu ule tusio nao bado.

Tukumbuke mambo tunayoweza kuyafanya sasa, bila kungoja mkutano wa maaskofu.

La kwanza ni msiba. Akifa mtu kijijini, kuchimba kaburi hakuna dhehebu. Akina mama huchota maji, vijana hushika majembe. Wenye kanisa la marehemu waongoze ibada yake, na wengine waje, wakae, waimbe, walie pamoja na wafiwa. Si vema watu wabishane juu ya marehemu wakati mwili ungali ndani.

La pili ni ndoa. Ninyi wazazi, mkiona uchumba wa madhehebu mawili, nendeni mapema kwa padre na kwa mchungaji, kabla ya ng'ombe kutoka zizini. Kanisa Katoliki huruhusu ndoa hiyo kwa idhini maalum, na yule Mkatoliki huahidi kufanya awezavyo watoto wabatizwe na kulelewa katika Ukatoliki. Upande wa pili yapaswa uijue ahadi hiyo mapema, usije ukaisikia siku ya ubatizo wa mtoto. Swali lililoulizwa mapema huepusha ugomvi wa miaka.

La tatu ni kazi. Mgonjwa akipelekwa hospitali ya Mvumi, ya Waanglikana, au ya Mtakatifu Gaspar kule Itigi, ya Wakatoliki, ugonjwa wake hauna dhehebu. Vivyo hivyo kisima, shule, na chakula mwaka wa njaa. Mvua ikikosekana Ugogo, hukosekana katika mashamba ya madhehebu yote.

La nne ni sala. Kila mwaka, tarehe 18 mpaka 25 Januari, Wakristo katika nchi nyingi huwa na juma la kuombea umoja. Hata watu watano wa makanisa matatu, chini ya mbuyu, waweza kusoma sura moja na kuomba.

La tano ni ulimi. Usimseme vibaya mwenzako ili upate muumini mmoja zaidi. Kondoo aliyeibwa si kondoo aliyeongezeka. Vyungu vikaavyo pamoja havikosi kugongana, lakini mama mwenye hekima huvipanga vizuri ili visipasuke.

Na yale yasiyowezekana bado, tusiyafanye kwa hila. Usiende kupokea Komunyo mahali ambapo hujaruhusiwa, ukadhani umeleta umoja. Umoja wa kuficha hauna nguvu. Maumivu ya mume na mke wale, wanapoagana njiani, yasifichwe wala yasidharauliwe. Wayapeleke kwa wachungaji wao. Labda maumivu ya nyumba kama zile ndiyo yatakayowahimiza viongozi waendelee kukaa mezani pamoja.

Sasa, mwalimu, zungumzeni maswali haya:

1. Neno "kanisa" lina maana ngapi katika somo letu? Tunga sentensi moja kwa kila maana.

2. Askofu Weston aliogopa nini? Na wale waliokula pamoja Kikuyu walitamani nini? Je, wote wawili walikuwa na haki kwa sehemu?

3. Katika kijiji chenu, madhehebu hufanya nini pamoja? Ni jambo gani mngeweza kulifanya pamoja, nanyi hamjalifanya?

4. Kuna tofauti gani kati ya umoja na kufanana? Toa mfano wa nyumbani kwako.

Wanaojua kuandika wamwandikie jibu la swali la tatu mtu mmoja wa dhehebu jingine, wampelekee wenyewe kwa mkono. Barua ya mistari mitatu yatosha.